Figa la Mama Lilivyofika Newala

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye chumba cha walimu, kanisani, hata dukani nikinunua chumvi, na kila mmoja nimempa kipande chake kulingana na hali niliyokuwa nayo siku hiyo. Sasa vipande vimechanganyika, na nimesikia kuna wanaosema nilikwenda Newala kuolewa. Basi naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Waliomfahamu mdogo wangu Tusekile wanamkumbuka kwa kicheko chake. Aliolewa na Benedikto, fundi seremala aliyekuja hapa Tukuyu kupaua zahanati, akamfuata hadi kwao Newala, upande mwingine kabisa wa nchi. Wakapata mtoto, Lea. Halafu homa ikamshika Tusekile, na kabla hatujajua kwamba ni homa ya kuogopwa, simu ikaja kusema amefariki. Umbali mnaujua. Walimzika sisi tukiwa bado tunatafuta basi, na mama hakupata hata kushika udongo.

Kilichomla mama zaidi ni figa. Tusekile alikuwa akipiga simu anamwambia, "Mama, mawe ya kupikia ya huku yanapasuka. Yanalia paa! kama bunduki, nakimbia na mwiko mkononi. Nitumie figa moja la kwetu." Mama alidhani ni utani wake wa kila siku. Akamjibu, "Njoo ulichukue mwenyewe." Hakuja. Baada ya matanga mama aliingia kwenye jiko la zamani la kuni, akang'oa figa moja kati ya matatu, jeusi, lenye masizi ya tangu utoto wetu, akalifunga kwenye kitenge chake na kuniwekea mapajani. Miguu yake haimruhusu safari ndefu. Akasema, "Atupele, ukamlazie kaburini, kichwani pake." Nikamwahidi. Nilikwenda kwa ajili hiyo, si kwa jingine.

Tukuyu hadi Songea

Ugomvi wa kwanza ulianzia Mbeya. Utingo alitaka mzigo wangu uende kwenye buti. Nilimwambia hauendi. Akaushika, mkono ukashuka nao, akaniangalia upya.

"Dada, umebeba nini humu?"

"Jiwe."

"Jiwe la nini?"

"La mama yangu."

Aliuachia. Sijui alielewa nini, ila tangu hapo hadi Songea alinisemesha kwa upole mno, kama anayemsemesha mgonjwa anayepelekwa hospitali. Jiwe lilikaa chini ya kiti, kati ya visigino vyangu, na kila kwenye kona lilinigonga kunikumbusha. Makambako nilinunua viazi na yai nikashindwa kula. Jirani yangu, mzee mmoja wa Njombe aliyevaa makoti mawili, aliniuliza kama nimeshiba. Nilimwambia ndiyo, akavipokea akala vyote bila haya, na kwa namna fulani nilifarijika kuona mtu anakula. Songea tulilala. Gesti ilikuwa safi, maji ya moto yapo, na nililia bafuni kwa sababu bomba lilikuwa na sauti ya kutosha.

Tunduru

Tulipokuwa tumeiacha Namtumbo mbali nyuma basi lilianza kuchemsha, likajikokota hadi Tunduru na kukataa kabisa. Dereva alisema ni rejeta, na kwamba nyingine iko njiani inakuja. Mnajua maana ya "iko njiani". Tulishuka, tukakaa kwenye mabenchi ya akina mama wauza chai, nami nikapakata kitenge changu.

Kumbe hapo nilikosea. Tunduru ni mji wa watu wa madini, na mwanamke mgeni anayepakata kifurushi kizito bila kukiweka chini hata anapokunywa chai, kwa macho yao ni mtu mwenye mali. Kwanza alikuja mmoja kunisalimia. Kisha watatu. Wa nne alikuwa dalali wa madini, mtu mzima mwenye kofia ya pama na kitochi kidogo kinachoning'inia shingoni. Alikaa kando yangu bila kunitazama.

"Karibu Tunduru, dada. Mzigo huo umetoka wapi?"

"Tukuyu."

"Tukuyu?" Akafikiri. "Kule bado sijasikia. Una rangi gani?"

"Mweusi."

"Nionyeshe kidogo tu. Hapa wezi wengi, mimi sitakuangusha."

Hasira zangu mnazijua. Nilifungua kitenge chote mbele ya watu. Akawasha kitochi, akaliangaza, akaligeuza. Halafu, kama wafanyavyo wao ili rangi ijitokeze, akalilamba. Alikunja uso, akatema.

"Hili lina masizi!"

"Ni figa," nilisema. "Tumepikia ugali miaka yote. Nampelekea mdogo wangu Newala."

Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, ndiyo, nilicheka. Muuza chai akasema huyo mdogo wangu ana bahati kuletewa figa toka mbali namna hiyo, kwani kwake hana mawe? Nikamjibu kwamba amefariki, napeleka kaburini. Yule dalali akavua kofia yake, akafuta figa kwa mkono wa shati pale alipolilamba, akalifunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifunga mimi. Alikwenda akarudi na karanga za kuchemsha kwenye gazeti. Hakuniaga hadi rejeta ilipofika na basi likawaka.

Masasi

Masasi unaiona kabla hujafika. Ardhi ni tambarare, halafu ghafla vilima vya mawe vitupu vinasimama katikati ya nyumba, vyekundu-kijivu, bila udongo wala nyasi, na watu wamejenga hadi miguuni pake. Kwetu mlima una migomba hadi juu. Hapa mlima ni jiwe moja. Tusekile alinisimulia vilima hivi siku za mwanzo za ndoa yake nikamwambia anatia chumvi.

Nilipofika, gari la Newala lilikuwa limeshaondoka, na la kesho yake lilisubiri abiria hadi jua likapanda sana. Nilichoka kukaa stendi nikasogea hadi chini ya kilima ambako akina mama wanagonga kokoto. Wanawasha moto wa kuni juu ya mwamba, jiwe linapata joto hadi linabanduka lenyewe, kisha wanakaa chini kivulini kuliponda kwa nyundo. Mmoja, Mama Salima, alinikaribisha kwenye kigunia chake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaona kona nyeusi ya jiwe ikichungulia kwenye kitenge.

"Hilo limeungua na nini, mwanangu?"

"Halijaungua, mama. Ndivyo lilivyo."

Hakuamini. Akachukua kipande kimoja alichokuwa anaponda, akakiweka kando ya figa langu, na hapo ualimu ukanipanda. Nilimweleza kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza. Kwamba yote mawili ni miamba moto, yalikuwa uji unaotokota chini ya ardhi. Langu ni basalti. Mlima ulilitapika likiwa bado linawaka, likafika juu kwenye hewa, likapoa upesi, na chembe zake hazikupata muda wa kukua. Ndiyo maana ukilitazama huoni kitu ila weusi mmoja. Lake ni graniti. Hilo halikuwahi kutoka. Liliganda huko huko chini, taratibu mno, chembe zikapata nafasi ya kunenepa hadi unaziona kwa macho: za waridi, nyeupe, zile zinazong'aa kama chupa, na nyeusi nyembamba zinazobanduka kama magamba ya samaki. Udongo wa juu ukaliwa na mvua, likabaki limesimama uchi. (Wenzangu wa idara msinisahihishe kwamba sehemu ya milima ile imebanwa na kukunjwa hadi imekuwa mwamba wa jina jingine. Najua. Kivulini pale haikuwa na maana.)

Mama Salima alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Akauliza, "Na kwenye moto lipi linavumilia?"

Nikasema la kwangu. Graniti ina chembe za aina nyingi, na kila chembe inavimba kwa namna yake ikipata joto, zinasukumana hadi jiwe linapasuka. Basalti chembe zake ni ndogo na zimeshikana, linakaa jikoni miaka. "Ndiyo maana marehemu ali..." nikashindwa kumaliza. Nililia pale, mbele ya mwanamke nisiyemjua, huku wenzake wakiendelea kugonga kwa sababu kazi ni kazi. Mama Salima alinishika bega kwa mkono uliojaa vumbi jeupe, na alama ya vidole vyake ilibaki kwenye blauzi yangu hadi Newala.

Kupanda Newala

Gari lilikuwa Noah. Barabara inakwenda vizuri, halafu inaanza kupanda ukuta wa uwanda wa juu, na ukifika juu hewa inabadilika, inakuwa baridi kidogo. Juu ni mchanga mwekundu na mikorosho, mikorosho na mchanga mwekundu. Nilianza kutafuta mawe kwa macho, kama kazi yangu ilivyonizoesha. Sikuona hata la kumtupia mbwa. Huko juu jiwe lolote unaloliona limebebwa na mtu.

Benedikto alinipokea stendi. Amekonda. Alinisalimia akachukua begi langu, akataka na kitenge, nikamkatalia. Mama yake, Mama Benedikto, alikuwa mlangoni. Nilipiga goti nikamwamkia, tukashikana tukalia kama desturi na zaidi ya desturi. Lea alisimama nyuma ya mlango akinitazama. Ana paji la uso la mama yake, sikuweza kumtazama muda mrefu.

Baada ya kunawa na kupewa ugali wa muhogo na mbaazi, nilifungua kitenge. Nilikuwa nimejipangia maneno, lakini Mama Benedikto hakuyasubiri. Alipoona masizi alipitisha kiganja juu ya jiwe, akaliinua mwenyewe pamoja na uzee wake, akasema, "Nnungu wangu! Figa." Akapiga vigelegele.

Mimi nilidhani ni heshima kwa marehemu. Jirani mmoja akaja, kisha wengine, kila mmoja akinishika mkono kwa mikono miwili. Walinipeleka jikoni, wakanionyesha mahali chumvi inapokaa, mahali unga unapokaa, ndoo ya maji ya kunywa na ya kuoshea, kwa sababu maji kule ni ya kuhesabu. Nikasema kumbe ndugu zetu hawa ni wakarimu namna hii. Walinipa kigoda cha Tusekile nikakikalia. Jioni akaja mjomba wake Benedikto, ambaye kwao ndiye mwenye neno katika familia. Alikaa, akakohoa, akasema:

"Binti, tunashukuru. Tulikuwa tunajiuliza ntoto huyu atalelewa na nani. Ninyi wenyewe mmekumbuka, mmetuletea dada mtu, tena kaja na figa lake. Hakuna aliyewaambia."

Nilikuwa bado natafuta huyo dada mtu ni nani.

Benedikto alinyanyuka akatoka nje. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba ya mjane na jiwe la kupikia mkononi, mwanamke ambaye hajaolewa, na kwamba sijaolewa walijua, maana Tusekile hakuwa na siri. Wangeelewa nini kingine? Damu ilinipanda. Nilisema kwa sauti ambayo sikustahili kumtolea mtu wa umri ule kwamba sikuja kuolewa, kwamba mdogo wangu hata udongo wake haujakauka, kwamba jiwe ni la kaburi. Mjomba aliinamisha kichwa. Mama Benedikto alishika kitambaa chake mdomoni. Hakuna aliyekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Walikuwa wamefurahi kwa muda mfupi, nami nikawanyang'anya. Benedikto aliporudi aliniambia kwa upole, "Shemeji, samahani. Mimi nililijua lile jiwe nilipoliona tu. Mama Lea alikuwa ananisimulia. Nilishindwa pa kuanzia kuwaambia."

Kisha akanionyesha mafiga ya mke wake. Yalikuwa ya graniti, ameyabeba mwenyewe toka Masasi, na kila moja limemeguka, limebaki na makovu meupe. Kila likipasuka alikuwa anamletea jingine. Alishawahi kumtengenezea jiko la matofali, Tusekile akasema chakula chake hakina ladha. Mwaka wa mwisho kipande kilimrukia kwenye ugoko kikamwachia kidonda. "Alikuwa anacheka tu," Benedikto alisema. "Anasema la kwao lisingemfanyia hivyo."

Kaburini

Asubuhi nilibeba figa, tukaenda mimi na Mama Benedikto. Kaburi liko kwenye mikorosho, tuta la mchanga mwekundu na msalaba wa mbao ambao Benedikto aliuchonga vizuri mno, kazi ya mtu aliyekosa la kufanya kwa mikono yake. Nililiweka jiwe kichwani pake. Lilionekana dogo. Nyumbani, kwenye jiko, nililiona kubwa maisha yangu yote. Nilisali, nikamwambia Tusekile, "Mama amekutumia." Basi.

Mama Benedikto alikaa mchangani miguu imenyooka. Akasema, "Mwanangu, nikuulize, usikasirike kama jana."

"Sikasiriki, mama."

"Mwenzako aliliomba figa hili la kufanyia nini?"

"La kupikia."

"La kupikia," alirudia. "Nilikuwa namsikia kwenye simu. Hakuliomba la kulalia. Sasa hapa juu litakuwa na baridi, na ntoto wake anapikiwa kwenye mawe yanayoruka."

Nilikuwa na ahadi ya mama yangu shingoni. Nilimwomba Tusekile ishara na sikupata ishara yoyote, upepo wenyewe ulikuwa umetulia. Nilichokuwa nacho ni neno lake mwenyewe, nitumie figa moja la kwetu, na hakuna aliyempelekea kama alivyoliomba. Nililiinua. Lilikuwa limeshaacha alama kwenye mchanga, nikaipapasa kwa kiganja hadi ikapotea.

Tukalirudisha jikoni, tukang'oa moja la graniti, tukaliweka la mama. Uji wa Lea wa asubuhi ile ulipikwa juu yake. Lilikaa kimya kwenye moto, halikutoa sauti. Lea alikunywa, akaomba tena.

Siku ya kuondoka Mama Benedikto alinifungia lile la graniti tulilolitoa, kwenye kitenge kile kile. Alisema kwao chombo kilichokuja na kitu hakirudi kitupu, na kwamba mama mwenzake asione kitenge chake kimelegea. Benedikto alinisindikiza hadi stendi. Tuliongea habari za rejeta.

Nyumbani

Mama alikuwa ameketi kibarazani. Aliangalia kitenge kikiwa bado kizito, na nikaona anahesabu maana yake.

"Hukumlazia," alisema.

Nilimweleza yote, wima, bila kukaa. Ya mjomba, ya kidonda cha ugokoni, ya kaburini, ya Mama Benedikto, ya uji. Nilitegemea anifokee, na nilitaka anifokee. Alinyoosha mkono nimpe jiwe. Akalifungua, akapitisha kidole gumba kwenye zile chembe za waridi na nyeupe, akafika pale palipomeguka.

"Amepikia hili?"

"Ndiyo."

"Ndilo lililomuumiza?"

"Sijui kama ni hili. Yako matatu, na yalibadilishwa."

Alisimama na fimbo yake akaenda jiko la zamani. Aliliweka la graniti pale penye shimo, pamoja na mafiga yetu mawili meusi, akaniagiza kuni. Nilimwambia, "Mama, litapasuka, usikae karibu." Akasema anajua, tangu lini nimekuwa mwalimu wake. Tuliinjika sufuria ya maji, tukakaa. Yale meusi yalinyamaza kama siku zote. Maji yalikuwa yanakaribia kuchemka lile jingine lilipolia, paa! na kipande kikaruka hadi mlangoni.

Mama hakushtuka. Alikaa akilitazama, akisubiri lilie tena.

"Kumbe hakuwa ananitania," alisema.